Ramani ya Kabla ya Sururu

Hekta 10 ni mita za mraba 100,000. Ukizipanga zikawa mraba, kila upande una mita 316, mwendo wa dakika nne kwa mtu asiye na haraka. Ukubwa huo ndio kikomo cha leseni moja ya mchimbaji mdogo wa dhahabu au vito nchini Tanzania. Anayechimba mchanga, kokoto au mawe ya ujenzi, kikomo chake ni hekta 5. Ishike hiyo 316 kichwani, maana kuna namba nyingine inayoifuata nyuma kama kivuli.

Leseni za madini za Tanzania husajiliwa kwa kodineti za mfumo uitwao Arc 1960. Jina limetokana na upinde: mstari wa nyuzi 30 mashariki, ambao wapimaji wa zama za ukoloni waliufuata kutoka Afrika Kusini kupitia ukanda wa Maziwa Makuu kuelekea Misri, kilima kwa kilima, wakipima pembe kwa darubini za miguu mitatu. Umbo la dunia walilopigia hesabu zao, Clarke 1880, silo wanalolitumia wenye satelaiti za GPS leo. Simu iliyo mfukoni mwako inasoma mfumo wa GPS, uitwao WGS84. Kwa hiyo jiwe moja, lililotulia pale pale, lina kodineti mbili, na kwa Kanda ya Ziwa tofauti yake ardhini inafika kama mita 280: sehemu kubwa kaskazini na kusini, na mita sabini na kitu mashariki na magharibi.

Sasa mfikirie mchimbaji wa Geita. Anasimama pembeni mwa duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, anasoma simu, anaandika namba kwenye karatasi, anampelekea kijana wa steshenari anayejua kujaza maombi ya leseni mtandaoni. Kijana anaziingiza kama zilivyo. Mfumo unazipokea kwa imani kwamba ni za Arc 1960. Kiwanja kizima kinahama kuelekea kusini, kinapinda kidogo mashariki, na katika zile hekta 10 alizozikusudia, zinazobaki ndani ya leseni yake ni kama hekta 1 tu. Duara analochimba liko nje. Ndani ya leseni kuna mihogo ya mtu mwingine. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyehongwa, na kila karatasi ina muhuri wake.

Makosa makubwa hayana madhara ya aina hiyo. Mtu akiandika 3.30 badala ya nyuzi 3 na dakika 30, kiwanja kinaruka kilomita 22 na kila anayekitazama anacheka. Akichanganya kanda za UTM, vile vipande ambavyo wapimaji huigawia dunia, akaitia Mererani iliyo kanda ya 37 katika kanda ya 36, atakuwa amehamia zaidi ya kilomita 600 magharibi, na hata kompyuta itashangaa. La kuogopwa ni kosa la mita 280, kwa sababu linaaminika. Kiwanja kinabaki wilaya ileile, kata ileile, mara nyingi kijiji kilekile, na kosa litagundulika siku jirani atakapokuja na leseni yake mkononi akiwa na Afisa Madini Mkazi nyuma yake. Leseni hutolewa kwa aliyewahi kuomba; kwa hiyo aliyetangulia kufika ardhini anaweza kushindwa na aliyetangulia kuandika namba sahihi.

Nimeanza na tofauti ya mifumo ya kodineti, au datamu kama wapimaji wanavyoiita, kwa kuwa ndilo kosa rahisi kuliko yote kurekebisha. Programu za simu za kusomea kodineti zenye uwezo wa kubadilisha mfumo zipo, na mpima yeyote aliyesoma anajua kugeuza namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Tatizo lenyewe liko mbele zaidi. Hata pembe nne zikikaa mahali pake kwa usahihi wa sentimita, bado unaweza kuwa na ramani ya uongo.

Tazama ramani inayoambatanishwa na maombi mengi ya leseni ndogo: pembe nne, mistari minne, jedwali la kodineti, alama ya kaskazini, jina la kijiji. Katikati ni weupe. Kandokando ni weupe pia. Kwa mwombaji, na wakati mwingine kwa anayeipokea, ramani ni karatasi ya kupitishia maombi, kama picha ya pasipoti. Jambo la kwanza ninalotaka kulisema katika uchambuzi huu ni kwamba sehemu yenye thamani kubwa zaidi ya ramani ya mgodi ni ile iliyo nje ya mstari.

Sheria yenyewe inasema hivyo, ingawa haisemi kwa maneno ya wachora ramani. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamzuia mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, ndani ya mita 50 kutoka shamba lililolimwa, au ndani ya mita 100 kutoka bwawa la kunyweshea, bila ridhaa ya maandishi ya mwenye mali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa. Hesabu hizo zote hupimwa kutoka vitu ambavyo aghalabu haviko ndani ya kiwanja. Ukiuzungushia ule mraba wa mita 316 ukanda wa mita 200 pande zote, eneo linalohitaji kukaguliwa linakua kutoka hekta 10 hadi karibu hekta 48. Yaani ili uchore kwa haki eneo lako, unalazimika kuchora karibu mara nne yake ya eneo la wenzako: paa zao, visima vyao, makaburi yao, njia za ng'ombe, mikondo ya maji inayoonekana masika tu.

Hapo gharama inapanda, na hapo ndipo wengi wanaishia. Lakini upime kwa upande wa pili. Mzee mwenye nyumba iliyo mita 150 kutoka bikoni, alama ya mpaka wa leseni, hana njia ya kujua kwamba ridhaa yake inatakiwa, kwa sababu kwenye ramani iliyopelekwa ofisini nyumba yake haipo. Amefutwa bila mtu kukusudia. Ofisa aliye Dodoma au makao makuu ya mkoa, akifungua faili, anaona pori.

Wazee wa bahari walilijua hili kwa njia ya uchungu. Manahodha wa Ghuba na Oman waliliita rahmani lile daftari lao la njia, miamba na nyota, na ukoo wa neno letu ramani unafuatwa hadi huko. Nahodha aliyeandika mwamba pasipo mahali pake aliugonga yeye mwenyewe. Ramani ya mgodi ina ubaya wake: aliyeichora vibaya mara nyingi ameshaondoka na malipo yake, na anayegonga mwamba ni mwingine.

Ushahidi mzito kuliko wote wa jambo hili uko Wales. Katika kijiji cha Aberfan, kampuni ya taifa ya makaa ya mawe ya Uingereza ilikuwa ikimwaga kifusi cha mgodi juu ya mlima, lundo baada ya lundo. Lundo la saba lilianza mwaka 1958, juu ya chemchemi. Chemchemi hiyo haikuwa siri. Ilikuwa imechorwa kwenye ramani za serikali ambazo mtu yeyote angeweza kuzinunua. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, baada ya siku za mvua, lundo lililolowa kutoka chini liliteremka likafunika shule ya msingi na nyumba jirani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Tume iliyochunguza iliwatwika wenye mgodi lawama bila kigugumizi. Ninachokumbuka kila ninapoona mlima wa kifusi juu ya korongo la msimu ni kwamba pale Aberfan ramani ilikuwepo na ilikuwa sahihi. Ila aliyeamua mahali pa kumwaga hakuiweka juu ya meza siku ile. Kwa hiyo usahihi wa mistari haumalizi kazi. Ramani ya mgodi inatakiwa iweke maji ya mahali na mahali pa kumwaga kifusi katika karatasi moja, ili macho ya mtu mmoja yaone vyote viwili kwa wakati mmoja.

Halafu kuna chini.

Mererani waligawa ardhi kwa vitalu vya A, B, C na D mwaka 1990, na ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa Aprili 2018 umezunguka eneo lote. Juu ya ardhi mpaka unaonekana hata kutoka angani. Chini mambo ni mengine. Mwamba wenye tanzanaiti unalala kwa mteremko, na anayeufuata hawezi kusimama kwa sababu tu amefika chini ya bikoni ya jirani. Wanaapolo, wachimbaji wa huko, wana neno lao kwa kinachofuata: mtobozano, pale shimo la mmoja linapotoboa na kuingia katika shimo la mwingine. Neno lenyewe limebeba kishindo, na kinachofuata kishindo ni ugomvi, moshi wa baruti upande usiotarajia, au maji. Mtobozano ni kosa la ramani hata kama wenyewe hawalisemi hivyo. Kila mgodi ungekuwa na mchoro wa njia zake za chini uliofungwa kwenye kodineti zilezile za bikoni za juu, na michoro ya majirani ikawekwa pamoja, pande zote mbili zingejua mita zilizobaki kabla ya kukutana.

Wachimbaji wa Quecreek, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, walijifunza pande zote mbili za somo hili ndani ya siku nne. Usiku wa tarehe 24 Julai 2002 walitoboa ukuta wa mgodi wa zamani uliokuwa umejaa maji. Ramani waliyokuwa nayo ilionyesha kwamba mgodi huo wa zamani uko mbali. Haikuwa ramani ya mwisho. Ile iliyoonyesha uchimbaji wa miaka ya mwisho ilikuja kuonekana baadaye, katika makumbusho. Watu tisa wakanaswa chini ya zaidi ya mita 70 za mwamba, maji yakipanda. Kilichowaokoa ni ramani nyingine: mchoro wa mgodi wao wenyewe, uliopimwa vizuri. Wapimaji walitoka usiku ule na vifaa vya satelaiti, wakageuza nukta ya kwenye mchoro kuwa nukta ya kwenye nyasi, na mashine ikatoboa tundu la sentimita 16 lililoangukia ndani ya njia waliyokimbilia. Hewa ya moto ikasukumwa chini. Baada ya saa 77 wote tisa walitoka hai.

Siwezi kusimulia hayo bila kukumbuka Nyangarata, wilayani Kahama. Oktoba 2015 shimo liliporomoka juu ya wachimbaji wadogo, na watano kati yao walikutwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa wadudu, vyura na maji ya matone. Ni muujiza na tuuite hivyo. Sidai kwamba saa 77 na siku 41 zinatenganishwa na ramani peke yake. Kuna mashine, kuna fedha, kuna barabara. Ila mashine nzuri kuliko zote haijui pa kutoboa kama hakuna anayejua njia za chini zinaelekea wapi, na mashimo yetu mengi madogo yamechorwa mahali pamoja tu: kichwani mwa mwenye duara na msimamizi wake. Wakifukiwa nao, ramani imefukiwa.

Nije sasa kwenye ardhi baada ya mgodi, kwa kuwa ndiko ramani inakodaiwa deni lake lote.

Neno tunalolitumia ni kurejesha: urejeshaji wa ardhi. Kurejesha nini? Huwezi kurudisha kitu katika hali usiyoiandika. Mpango wa ufungaji wa mgodi unaoandikwa miaka mitano baada ya kuondoa majani na udongo wa juu ni kumbukumbu za kusikia: hapa palikuwa na kilima kidogo, maji yalipita huku, mkorosho ulikuwa pale. Ndiyo maana ninasema ramani moja kati ya zote haina mbadala, na ni ile inayopimwa kabla sururu ya kwanza haijagusa ardhi. Nyingine unaweza kuzirudia. Ile, siku ikipita, imepita.

Na si ramani ya mipaka. Ni ramani ya kontua, yenye urefu wa ardhi mahali kwa mahali, yenye unene wa udongo wa juu, yenye miti mikubwa, na yenye njia ya kila tone la mvua. Zamani kazi hiyo ilichukua majuma. Leo droni inaruka juu ya hekta 50 kwa asubuhi moja na kurudi na picha mia kadhaa zinazoshonwa kuwa umbo la ardhi. Droni nayo ina mtego wake: bila alama kadhaa ardhini zilizopimwa kwa GPS ya wapimaji, umbo linatoka zuri la kupendeza huku limepinda au kuelea. Urefu ndio unaosumbua zaidi. GPS hupima kutoka umbo la hesabu la dunia, ilhali bikoni za zamani zilipimwa kutoka usawa wa bahari, na kwetu vipimo hivyo viwili vinapishana kwa zaidi ya mita 10. Ukichanganya viwili hivyo katika mchoro mmoja wa bwawa la topesumu, utakuwa umechora maji yanayopanda mlima. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la aina hiyo ulibomoka Mwadui, mkoani Shinyanga, na tope likamwagika kuelekea vijijini. Hakuna aliyekufa. Lakini katika tukio lolote la namna hiyo maswali mawili hayakwepeki: tope litapita wapi, na nani alikuwa na nini katika njia yake. Yote mawili hujibiwa na ramani iliyochorwa kabla, ikiwa ilichorwa hadi chini bondeni na haikukomea kwenye uzio.

Hesabu za kurejesha nazo hutoka humo humo. Udongo wa juu wa sentimita 20 katika hekta 10 ni mita za ujazo 20,000, sawa na safari 2,000 za tipa la mita 10 za ujazo. Asiyejua namba hiyo mapema hatatenga mahali pa kuulundika, atauzika chini ya kifusi, na siku ya kupanda miti atakuwa anapanda kwenye mawe. Mwamba mgumu nao ukivunjwa hauingii tena katika shimo lake. Mita 1 ya ujazo hujaza 1.3 na zaidi. Hivyo hata mwenye nia njema anayefukia shimo lake lote hubaki na kilima, na kilima hicho lazima kiwe kimeshapangiwa pa kukaa, mteremko wake, na pa kupitishia maji yake.

Kwa migodi mikubwa ya wazi ukweli ni mkavu zaidi: mara nyingi shimo halifukiwi. Golden Pride ya Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, uliofunguliwa 1998 na wa kwanza pia kufungwa, uliacha shimo. Buzwagi ya Kahama, iliyoacha kuzalisha mwaka 2021, imeacha shimo linalojaa maji, na eneo lake limepangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Sioni aibu katika hilo, mradi ramani ya maombi iseme tangu siku ya kwanza kwamba hapa patakuwa na ziwa, maji yatasimama usawa huu, na kingo zitakuwa na mteremko huu. Wanakijiji walioonyeshwa msitu kwenye michoro ya rangi kisha wakapata ziwa wana haki ya kukasirika.

Mfano ninaoupenda uko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichokuwa kikichimba matumbawe tangu miaka ya 1950 kiliacha jangwa jeupe, na mwaka 1971 René Haller akaanza kujaribu miti. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu, na mvinje ukawa mfalme wao. Majongoo wakatafuna majani yake makavu yakageuka udongo, na leo pale ni Haller Park, watoto wa shule wanakwenda kuona twiga na viboko. Watu husimulia majongoo, na wana haki. Mimi hutazama jambo jingine: sakafu ya machimbo ilikuwa juu kidogo tu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Tofauti hiyo ndogo ya urefu ndiyo iliyoamua mti upi uishi na upi ufe, na wapi pawe bwawa na wapi pawe msitu. Ni namba ya kontua. Machimbo mengi ya kokoto na mchanga katika pwani yetu yanachimbwa leo bila mtu kuiandika namba hiyo.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito. Mchimbaji mdogo anayegawana mawe na vijana wake kwa mifuko hawezi kulipa mpima, rubani wa droni na mtaalamu wa mazingira kwa ajili ya leseni ya miaka saba. Kumtaka afanye hivyo ni kumsukuma arudi kuchimba usiku bila leseni. Nakubali. Lakini leseni ndogo hazikai peke yake. Hukaa kwa makundi, 20 au 50 zikigusana, kwa sababu mwamba ni mmoja. Eneo hilo lote linaweza kurushiwa droni mara moja kabla ya kugawiwa, kwa gharama ya umma au ya ushirika wa wachimbaji, na kila mwenye leseni akakatiwa kipande chake kutoka ramani moja. Hapo mipaka ingekubaliana yenyewe, visima vya jirani vingeonekana kwa wote, na umbo la ardhi la siku ya kwanza lingehifadhiwa na mtu asiye na sababu ya kulisahau. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyo Dodoma imechora jiolojia ya nchi kwa karatasi za kilomita 50 na kitu kila upande. Nakala ya ramani ya kabla na ya baada ya kila eneo la uchimbaji ingestahili kukaa rafu hiyohiyo, ifunguliwe kwa yeyote. Ile ya Quecreek ilikaa makumbusho, na haikumfaa mtu siku ilipotakiwa.

Na wewe mwenye shamba, siku mchimbaji atakapokuja na mwenyekiti wa kijiji na karatasi iliyokunjwa, usianze na bei. Ikunjue. Muulize kodineti hizi ni za Arc 1960 au za simu. Kisha mwambie akuonyeshe kwa kidole kisima chako kiko wapi humo. Kama hakipo, usitie sahihi.